Pimeni na mgongo ukiwa unajongea, sio ukiwa umesimama tu

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee mgongo uliopinda, ile hali madaktari wanaiita skoliosisi. Binti yangu anayo, ana miaka 13, na mwaka mzima sasa kila tukienda kliniki ni yale yale: simama wima, usipumue, eksrei, halafu tunapewa namba. Mara ya kwanza nyuzi 24, mara ya pili 27. Haya, rudini baada ya miezi sita.

Hiyo namba mi siipingi. Ni pembe ya Cobb, yaani mgongo umepinda kwa nyuzi ngapi kwenye eksrei, ilitoka kwa daktari Mmarekani John Cobb mwaka 1948, na kuanzia nyuzi 10 ndio inahesabika skoliosisi, kwenye 25 hivi mtoto ambaye bado anakua anaanza kuambiwa habari za bresi (lile gamba gumu la kuvaa kiwiliwili kuushika mgongo), ikipita 45 au 50 ndio mnasikia operesheni. Ila wapimaji wawili wakishika picha ile ile wanaweza kupishana mpaka nyuzi 5, kwa hiyo hizo nyuzi 3 zilizoninyima usingizi huenda hazikuwa kitu kabisa, na mtu wa kuniambia hakuwepo mpaka nilipokutana na fiziotherapisti mmoja.

Huyo ndo wa kwanza kumwambia mtoto "hebu inama". Akasimama ameegemea ukuta, akawekewa alama pajani pale kidole kirefu kilipoishia, akainama kulia, alama nyingine, halafu kushoto, wakapima kwa futi ya fundi cherehani. Kulia sentimita 19, kushoto 12! Mimi naishi naye nyumba moja na sikuwahi kuliona hilo, nilikuwa namgombeza tu kwamba anakaa vibaya (Mungu anisamehe, maana kukaa vibaya wala sio chanzo).

Alivyonielewesha ni kwamba mgongo haupindi kwenda pembeni tu, pingili zinajizungusha pia, ndo maana mtoto akiinama mbele mbavu za upande mmoja zinatuna. Pale mpindo ulipo panaweza kuwa pagumu, na sehemu za juu na chini yake zikafanya kazi ya ziada kufidia. Sasa eksrei ya kusimama itaonyeshaje hayo, wakati mtoto siku nzima anainama, anageuka, anabeba begi?

Na vifaa vipo. Kuna kale kadude kama pimamaji ya fundi mwashi kanawekwa mgongoni akiwa ameinama, kuna sensa ndogo za kubandika, na maabara zenye hela zinabandika vidoti vinavyong'aa kisha kamera zinavifuatilia kila anapojongea. Havina mionzi, unaweza kurudia hata kila mwezi. Kasoro zipo, sikatai: ngozi inateleza juu ya mfupa kwa hiyo kidoti kinadanganya, mtoto anaweza kuibia kwa kuzungusha nyonga, na hata wasio na skoliosisi pande zao mbili haziwi sawa kabisa. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi, inatakiwa apimwe vile vile mara kwa mara afananishwe na yeye mwenyewe wa miezi iliyopita.

Kinachonishangaza, kabla ya operesheni madaktari wenyewe wanapiga eksrei mtoto akiwa ameinama kila upande, waone mpindo unanyooka kiasi gani. Kumbe wanajua kujongea kuna maana, sasa mbona wanasubiri mpaka kisu? Na operesheni yenyewe mara nyingi inaunganisha pingili zisijongee tena, hivi usipopima mapema utajuaje mtoto kapoteza nini?

Tunarudi kliniki mwezi ujao. Karatasi ya 19 na 12 nimeibana kwenye faili lake juu kabisa, na wasipoiuliza nitaisoma mwenyewe kwa sauti.

Mama wa nyuzi 27