Mjomba, ile maikromita yako sikuitupa

Mjomba shikamoo. Najua hizi linki mpaka yule kijana wa jirani akufungulie, basi mwambie akusomee taratibu asiruke kitu. Nimeamua kuandika hapa wazi kwasababu siku ile ya Idi kwenye simu hukunipa nafasi ya kuongelea ile maikromita, kile kifaa chako cha kubana kitu na kupima unene wake, ulisema kitu hakina racheti, hakina loki, hakina spana yake wala kile kifimbo cha kusetia, hicho ni chakavu, kitupe ukanunue ya dijitali. Sikubishana, we umeshika vyuma kabla mi sijazaliwa. Ila sikuitupa.

Mama alikua ameiweka juu ya kabati pale Temeke miaka yote hii, ndani ya boksi lake la mbao, akiamini boksi ndo linaitunza. Kumbe kile kitambaa cha kijani ndani kinanyonya unyevu, na we unaijua hewa ya Dar, chumvi ya bahari inakufata mpaka chumbani, kwahiyo upande uliokua umelalia kitambaa ulikua na kutu kama ugoro na upande wa juu unang'aa hata maandishi yanasomeka, Moore & Wright, Sheffield. Hii kampuni ilianza 1906 huko Uingereza. Na kwenye frem kuna herufi zako mbili ulizokwaruza kwa msumari. Hizo ndo zilinifanya nikae chini nianze kazi, nakwambia ukweli.

Msasa sikugusa. Kuna fundi jirani alitaka kunisaidia akaja na msasa mkononi nikamzuia kabisa, maana mistari ile na namba zikifutika hapo ndo kweli inakua chakavu. Nililoweka kwenye mafuta ya taa siku tatu, nikafungua spindo (kile kijiti chenye skrubu kinachosogea kubana kitu) yote mpaka nje, nikasugua thredi na mswaki na petroli kidogo, ikatoka grisi nyeusi ngumu kama lami, nikarudia mpaka petroli ikabaki safi. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Mjomba, nilivoirudisha nikaizungusha kwa kidole kimoja ikaenda kama inateleza kwenye asali, mwanzo mpaka mwisho, hakuna sehemu inakaza wala sehemu inalegea!

Hapo ndo nilipoona hapana, hii bado nzima. Maana vitu vyote ulivyonitajia kwamba vimepotea ni wasaidizi tu. Kipimo chenyewe kiko kwenye ile skrubu. Thredi 40 ndani ya inchi moja, ukizungusha raundi moja spindo inatembea inchi 0.025, na mrija wa nje umegawanywa mistari 25, kwahiyo kila mstari ni thau moja, elfu moja ya inchi. Mfaransa Palmer ndo alipata hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1848, na mpaka leo Wafaransa wanakiita palmer tu. Mtu akipoteza racheti hajapoteza hesabu hiyo. Angepoteza skrubu ningekuelewa.

Racheti nimehangaika nayo kweli. Nilinunua maikromita mbovu ya Kichina Kariakoo nikitegemea nitang'oa ya kwake, thredi hazikukubali hata kidogo. Nikaenda mtaa wa Gerezani kwa mzee mmoja wa leth, mashine ya kukerezea vyuma, akaipima, akanikerezea kifundo kidogo cha brasi cha kufunga pale nyuma ili niwe na pa kushika. Hakilii kri kri kri kama racheti. Racheti kazi yake ni kuteleza nguvu ikifika kiasi fulani, karibu niutoni 5 mpaka 10, yaani kama uzito wa nusu kilo ya sukari mpaka kilo, ili kila mtu abane sawa. Bila yenyewe unategemea kidole, na kidole changu bado. Napima kitu kilekile mara kumi napata majibu yanapishana nusu thau, wakati mama anasema we ulikua unapima bila hata kugusa racheti na mainjinia wanakubali namba yako.

Sasa shughuli ilikua kuseti ziro, yaani kuhakikisha namba inaanzia pale inapotakiwa. Ingekua ya 0 mpaka inchi 1 ningeifunga tu nione mistari inakutana, ila hii yako ni ya inchi 1 mpaka 2, ukiifunga mpaka mwisho bado nyuso zina nafasi ya inchi nzima katikati, ndo maana kile kifimbo cha inchi moja kamili cha kuweka katikati ni muhimu na ndo hakipo. Nililala na hili wiki nzima. Afu nikakumbuka beringi. Beringi mpya ya 6203 kipenyo cha nje ni milimita 40 na kiwandani hawaruhusiwi kuzidisha, wanaruhusiwa kupunguza maikroni 11 tu (maikroni moja ni elfu moja ya milimita), hiyo haifiki hata nusu thau. Milimita 40 ugawe kwa 25.4 unapata inchi 1.5748. Nikaenda duka la beringi nikanunua moja bado iko kwenye karatasi lake, nikaifuta mafuta, nikaipima, ikasoma 1.5778. Thau tatu zimezidi. Nikageuza geuza nikapima mahali pengine, tatu zilezile. Mjomba nilifurahi sana, maana kosa lisilobadilika linarekebishika, ingekua leo mbili kesho tano ndo ningelia.

Spana ya kugeuza mrija wa ndani nikaitengeneza kwa kipande cha blade ya msumeno wa chuma, nikakipinda kwenye moto, nikakichonga ncha kwa tupa mpaka ikaingia kwenye lile tundu dogo mgongoni mwa mrija. Unagusa kidogo unapima, unagusa unapima. Ilichukua jioni nzima umeme ukakatika mara moja nikamalizia na tochi ya simu. Ikakaa pale pale, ule mstari wa nje umebakiza unywele mmoja tu ufike ziro, yaani 1.5748 kama inavotakiwa.

Kitu kingine nilichojifunza ni joto. Vipimo vyote vya namna hii vinahesabiwa kwa nyuzi 20 na huku kwetu mchana ni 32, nikaogopa, ila kumbe chuma na chuma vinatanuka pamoja, shida ni kimoja kikiwa cha moto kingine cha baridi. Kwahiyo nalaza beringi na maikromita meza moja usiku kucha, napima alfajiri kabla sijanywa chai, na frem naishika kwa kitambaa. Ulivokua unatupigia kelele tusishikeshike vyombo vyako tulidhani unaogopa tutaviangusha.

Mwezi uliopita rafiki yangu mwenye geji bloku kazini kwao, vile vipande vya chuma vya kipimo kamili vya kuhakikishia vifaa, aliniruhusu niijaribu kwenye bloku ya inchi moja kamili. Ikasoma moja na kama robo ya thau. Mjomba, robo! Na beringi yenyewe ya dukani!

Dijitali siichukii, wenzangu wanazo na ni nzuri, ila betri ikiisha hapo kazi imesimama, na hakuna iliyokwaruzwa herufi zako.

Loki, ile ya kukaza spindo isisogee, sijaigusa, naomba uniambie ilikua ya namna gani, pete au mkono mdogo? Na nyuma ya frem karibu na kona kuna kishimo kama iligongwa na kitu cha ncha, haijapinda lakini nataka kujua ni nani aliigonga na ilikua kazi gani.

Njoo Dar kabla ya mvua za masika. Mi ntakupokea Mbezi stendi, utakaa kwetu, na asubuhi utashika hiki kifundo cha brasi nikuangalie kidole kinavofanya, hiyo ndo kitu sijaipata popote. Mama anasema ile spana ya asili anahisi iko kwenye kopo lako la misumari, chini kabisa, pamoja na kile kifimbo. Tafadhali limwage uangalie.