Dawa za vikope tunameza, maji je?

Mhariri naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Huku Dodoma vijijini wakija wagawa dawa za trakoma, yaani huo ugonjwa wa macho wa vikope, tunapanga foleni, tunapimwa urefu kwa ile fimbo ya kukadiria dozi, tunameza azithromycin tunaondoka, safi sana sina neno, lakini kesho yake watoto wako vilevile, tongotongo zimeganda, nzi kibao, mama anamfuta huyu kwa pindo la khanga halafu pindo hilohilo kwa mwenzie, sasa ugonjwa si ndo unatembea hivyo jamani? Ukirudirudi miaka na miaka kope zinageukia ndani zinakwangua jicho mpaka linapofuka, na wanaoumia zaidi ni kina mama maana ndo wanashinda na watoto. Bibi zetu bado wanang'oa kope kwa kibanio wakati upasuaji wake ni mdogo tu. Malawi hapo jirani WHO ilishawathibitisha 2022 kwamba wameitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Kwetu halmashauri watuambie, visima na vyoo viko bajeti gani? Ndoo moja umeifuata mbali, upike, unywe, utamnawisha nani uso?

Mkazi wa Kongwa, Dodoma