Barua ya wazi kwa Waziri wa Utafiti: Kile kisanduku kimoja

Mheshimiwa Waziri,

Fomu ya kuomba fedha za utafiti ina swali la nne lisemalo: "Taja fani yako (moja tu)." Chini yake kuna visanduku. Ukiweka alama kwenye fizikia, alama ya akiolojia inafutika yenyewe. Ukirudi kwenye akiolojia, ustawi wa familia nao unatoweka. Nimehangaika na visanduku hivyo karibu saa nzima, ndipo nikaona bora nikuandikie wewe.

Tuko watatu. Mimi nachimbua mabaki ya watu wa kabla ya historia. Mwenzangu mmoja ni mwanafizikia wa mionzi. Wa tatu anachunguza malezi: mama anayenyonyesha husaidiwa na nani, mtoto huachishwa ziwa lini, na nyumba hubadilikaje baada ya hapo. Tuliomba fedha za kuchunguza meno ya watoto wa kale ili tujue walinyonya kwa muda gani. Jopo la fizikia likasema hamna fizikia mpya humo. La akiolojia likasema gharama kubwa ni za maabara, basi tuwafuate wenye maabara. La ustawi wa familia, na hili lilituchekesha pamoja na uchungu wote, likahoji kwamba walengwa wote ni marehemu.

Ni kweli, ni marehemu. Lakini jino la mtoto hukua tabaka juu ya tabaka, siku hata siku, na kila tabaka hutunza alama ya alichokuwa anakula. Maziwa ya mama huacha bariamu, aina ya madini, kwa wingi kwenye jino. Maziwa yakipungua, nayo hushuka. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya jino la mtoto wa Neanderthal, jamii ya watu wa kale iliyokwisha toweka, kutoka pango la Scladina, Ubelgiji. Walilipitishia leza, wakasoma tabaka zake: miezi kama 7 ya maziwa matupu, mingine 7 ya maziwa pamoja na chakula, kisha bariamu ikaporomoka ghafla.

Hilo "ghafla" ndilo linalomnyima usingizi mwenzetu wa malezi. Mama alifariki? Walitenganishwa? Leza haina jibu, na mimi na koleo langu sina. Yeye angalau anajua pa kuanzia kuuliza, kwa kuwa ameshaona kwa watu walio hai jinsi mtoto aliyeachishwa ziwa anavyotegemea mikono mingine. Kristen Hawkes na wenzake, waliofanya kazi na Wahadzabe wa Tanzania, walionyesha mwaka 1997 kwamba mama akipata kichanga kipya, ukuaji wa yule mkubwa hufuatana zaidi na bidii ya bibi katika kutafuta chakula kuliko bidii ya mama mwenyewe. Mchimbuaji asiyeyajua hayo ataokota meno, ataandika namba kwenye kibandiko, ataenda zake.

Niruhusu nikupeleke Panga ya Saidi, pango la Kilifi, pwani ya Kenya. Mwaka 2017 wachimbuaji walilifunua shimo dogo, kama mita 3 chini ya sakafu ya sasa ya pango, likiwa na mifupa iliyooza kiasi kwamba ukiigusa inageuka vumbi. Hawakuigusa. Waliifunika kwa plasta pamoja na udongo wake, bonge zima likapelekwa Nairobi, kisha Burgos, Hispania. Huko ndiko ilikojulikana kuwa ni mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Wakamwita Mtoto, hivyo hivyo kwa Kiswahili.

Sasa, Mtoto alizikwa lini? Kupima kaboni, njia iliyozoeleka ya kujua umri wa mabaki, hakufai. Nusu ya kaboni ya mionzi huisha kila baada ya miaka 5,730 hivi, na ukivuka miaka 50,000 inayobaki haipimiki vizuri. Hapo ndipo mwanafizikia anapohitajika. Punje ya mchanga iliyofukiwa isione jua hujikusanyia nishati kidogo kidogo kutokana na mionzi ya asili ya udongo unaoizunguka. Unaichukua bila kuipiga mwanga, unaiingiza kwenye chumba chenye taa nyekundu hafifu, unaichokoa kwa mwanga maalumu, nayo inatoa kimwanga chake. Kadiri ilivyokaa gizani ndivyo kimwanga kinavyozidi. Kwa njia hiyo jibu likapatikana: miaka kama 78,000. Kaburi la kale zaidi la binadamu linalojulikana Afrika.

Na bado hilo si ndilo linalonigusa. Mtoto alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa hadi kifuani. Mifupa ya shingo iliinama kwa namna inayoonyesha kichwa kilikuwa kimeegemezwa kwenye kitu laini kilichooza baadaye, kama mto. Bega na mbavu vilikaa kama vya mwili uliofungwa sanda kwa kubana. Kuna mtu alimfunga. Kuna mtu aliona asilale kichwa chini, akatafuta cha kumwekea. Habari hiyo tukufu utaiweka kwenye kisanduku kipi, Mheshimiwa?

Najua kisanduku kile hakikuwekwa kwa ubaya. Fedha za umma zinataka mtu wa kuulizwa, na wapo wanaojaza fani tatu kwenye karatasi ili wapendeze, huku kazi ikifanywa na mmoja. Hao wabanwe: kila fani iliyotajwa iwe na mtu wake, kazi yake na bajeti yake. Lakini ombi lenye fani tatu lisomwe na watu wa fani hizo tatu wakiwa meza moja, siyo kurushwa huku na huku hadi mwaka wa fedha uishe.

Kuna na suala la vyeo. Mwenzangu wa fizikia aliambiwa kazi yake ya kupima umri wa mchanga haihesabiki, kwa kuwa ilitoka kwenye jarida la akiolojia. Vipimo ni vyake, usiku kucha kwenye taa nyekundu ni wake, ila pointi hana. Kijana yeyote mwenye akili akiliona hilo atabaki kwenye kisanduku chake, na simlaumu.

Meno tuliyokusudia kuyachunguza bado yamo kwenye droo, kila moja na kibandiko chake. Dirisha la maombi linafungwa mwisho wa mwezi ujao. Naomba hadi siku hiyo swali la nne liwe limeandikwa upya.

Wako,
Mchimbuaji wa mambo ya kale,
kwa niaba ya wenzangu wawili