Familia za wagonjwa wa baipola nazo zisikilizwe

Mhariri, naomba nafasi niwasemee wanaoishi na baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu hisia kupita kiasi kisha kumshusha, na hasa familia zao, maana hao ndo wanasahaulika kabisa. Watu wanaona tu mtu anaongea mbiombio, halali usiku kucha, anagawa hela hovyo na kuanzisha biashara tatu kwa mpigo, wanasema karogwa au ana kiburi, kumbe ni ugonjwa, na baadae huyohuyo hawezi hata kuamka akaoge. Dawa zipo jamani, lithiamu inajulikana tangu 1949, ila inataka kupima damu mara kwa mara, kuangalia kiwango cha dawa mwilini, figo na tezi ya shingoni, na mtu akipata nafuu asiache ghafla, hapo ndo wengi wanaanguka tena.

Sasa mke au mama anayeishi naye ndo wa kwanza kuona usingizi umeanza kupungua, kwa nini kliniki aambiwe asubiri nje? Mgonjwa akikubali muiteni ndani, mumpe namba ya kupiga usiku mambo yakichacha, na wakubaliane mapema, mgonjwa akiwa ametulia, nani atashika kadi yake ya benki.

Ndugu wa mgonjwa