Kuhusu ule wino wa printa

Chikongola, Mtwara

Baba Asha ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, msimu wa korosho umeanza na mji umechangamka. Barua yako nimeipata. Nakujibu upesi, maana nisingependa vijana wako wa karakana watoe fedha zao mahali pasipostahili.

Unasema mmekusudia kuchanga mnunue wino wa madini ya fedha, printa iwachoree njia za umeme moja kwa moja. Wino huo upo kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Georgia Tech na Microsoft Research walionyesha kwamba printa ya kawaida ya wino, ikijazwa wino wenye chembe ndogo mno za fedha, inaweza kuchapa sakiti kwenye karatasi maalumu, na ikapitisha umeme bila kupashwa moto. Kwa kufundishia ni kitu kizuri sana. Lakini nyinyi mnatengeneza kontrola za sola, vile vidhibiti vya kuchaji betri. Karatasi haistahimili joto la solda, ile risasi iliyoyeyushwa ya kuungia vifaa, na utando ule ni mwembamba mno kubeba umeme wa betri. Bei yake nayo ni kali. Achaneni nao.

Shaba tayari ipo kwenye bodi ya sakiti, imebandikwa kiwandani, mara nyingi kwa unene wa maikromita 35. Mnachohitaji ni wino wa kuifunika ile mnayotaka ibaki, ili feri kloraidi, ile dawa ya kuyeyushia shaba, iondoe iliyo wazi tu. Huo hauna haja ya kupitisha umeme hata kidogo. Kazi yake ni kung'ang'ania.

Hapo ndipo aina ya wino inapokuwa kila kitu. Wino mwingi wa picha ni rangi iliyoyeyuka ndani ya maji. Ukiitumbukiza bodi kwenye dawa, unaondoka kama haukuwahi kuwapo. Tafuteni wino wa pigmenti. Ndani yake rangi ni chembe ngumu zinazoelea, na baadhi ya aina, kama DURABrite ya Epson, zina utomvu wa plastiki unaozizunguka chembe hizo. Utomvu huo ukipata joto la karibu nyuzi 200 unayeyuka, unashikana na shaba na kuwa ngozi moja. Pasi ya umeme iliyowekwa kwenye alama ya pamba hufika karibu na joto hilo, kwa hiyo ilazeni bodi juu ya pasi iliyogeuzwa, uso wenye wino ukitazama juu, na msiwe na haraka. Fanyeni penye hewa.

Kabla ya kuchapa, sugueni shaba kwa msasa laini, ifuteni kwa spiriti, kisha asiiguse mtu. Alama ya kidole ina mafuta, na wino ukikuta mafuta hujikunja matone matone.

Sasa printa yenyewe. Mwaka 1977 huko Japani, mhandisi wa Canon aitwaye Ichiro Endo aligusisha chuma cha moto cha kuchomea risasi kwenye sindano yenye wino, na wino ukaruka nje. Nakipenda kisa hiki kwa sababu ni cha meza ya fundi kama yako. Printa nyingi za Canon na HP zinafanya kazi hivyo hadi leo: wino unachemshwa ghafla, povu linausukuma. Wino mgeni hugandia kwenye kihita hicho kidogo na kukiua. Epson hawachemshi, wana kipande cha piezo kinachojipinda kikipata umeme, kikakamua tone. Kichwa cha namna hiyo hukubali wino wa aina nyingi. Bora zaidi mpate modeli inayochapa juu ya CD, kama L805 ya Epson, kwa sababu njia yake imenyooka na bodi haipindi. CD ina unene wa milimita 1.2, bodi ya kawaida 1.6, basi kichongeni kile kisahani cha kuwekea CD ili bodi izame kidogo isikwaruze kichwa. L805 huja na wino wa rangi iliyoyeyuka, mtaubadilisha. Na kila wiki chapeni chochote, pigmenti ikikaa hutuama na kuziba matundu.

Kuhusu mafuta ya maganda ya korosho: wazo lako limenifurahisha, kwani ni kweli viwanda huyatumia kwenye vanishi na bitana za breki. Ila ni mazito, hugeuka gundi, na huchoma ngozi kama ujuavyo. Msiyatie kwenye printa.

Nakuomba sana jambo moja. Feri kloraidi iliyochoka imebeba shaba, na shaba ni sumu kwa samaki. Ghuba ya Lindi iko mlangoni penu. Isimwagwe kwenye mtaro. Wekeni kwenye dumu la plastiki, tieni chokaa mpaka tope litulie chini, tope hilo likaushwe na kuhifadhiwa. Vijana wavae glovu na miwani.

Nakutumia chupa ya wino wa pigmenti na vipande viwili vya bodi kwa basi la Jumamosi. Anzeni na kontrola ndogo, njia za milimita moja, kisha mpunguze. Nijulishe kama wino umeshika.

Msalimie Mama Asha na wazee.

Rafiki yako wa Chikongola