Msiuziwe stebilaiza kabla stelingi haijakaguliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lenu niseme na vijana wetu wanaoendesha kwadi, yaani pikipiki za magurudumu manne, hasa hizi za mbio za Yamaha kama Raptor 700 na YFZ450R, maana huku Oman baridi ikiingia watu wanaelekea Bidiyah kwenye mchanga wa jangwani na Waswahili tumo wengi tu, na kuna jambo linaniuma. Siku hizi kijana akisema tu stelingi inatetemeka fundi anamjibu funga stebilaiza, yaani kile kifaa cha kutuliza usukani, hela inatoka, kifaa kinafungwa na ugonjwa wenyewe unabaki palepale.

Stebilaiza ni kifaa kizuri, siipingi hata kidogo. Hii ya kuzunguka ni kiboksi chenye oili na bapa ndani, inafungwa kwenye nguzo ya stelingi na upande wa pili inashikwa kwenye fremu kwa mkono wake, ukikata kona taratibu oili inapita kwenye vitundu vyake bila shida, lakini tairi likigonga jiwe na usukani ukataka kukuponyoka ghafla ile oili inagoma, ni kazi ileile ya shokapu ila huku ni kwa usukani. Na kwadi inaihitaji kweli kwa sababu matairi ya mbele yameachana mbali, likigongwa la kushoto peke yake linavuta usukani wote, na anayepambana nalo ni kiganja chako pamoja na kile kidole gumba kinachobonyeza mafuta. Aliyewahi kukimbia kwenye wadi, yaani bonde la mto mkavu, yenye mawe anajua mikono inavyokufa ganzi.

Sasa mpwa wangu aliipeleka Raptor yake gereji moja hapa Muscat, akafungiwa stebilaiza mpya, akaja kwangu anasifia kwamba imetulia kabisa. Tukaipandisha mbele kwa jeki, nikashika tairi kushoto na kulia nikavuta nikasukuma, likacheza, unasikia kabisa tok tok, kumbe tairodi endi, yaani kile kiungo cha mwisho wa fimbo inayogeuza tairi, imekwisha, pini inacheza kwenye kikombe chake kama jino linalotaka kung'oka. Stebilaiza ilikuwa imeuficha ule mtetemo mkononi lakini chini mambo yameharibika vilevile, na ile ingechomoka kwenye mteremko wa mchanga tairi lingekwenda linakotaka yeye kashika usukani tu. Hapo ndipo nilipokasirika, kwa sababu ile tairodi endi bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na stebilaiza.

Kwa hiyo nawaomba, inyanyueni kwadi kwanza. Tairi likicheza kushoto na kulia angalia tairodi endi, likicheza juu na chini angalia boljointi (viungo vya mpira wa chuma vinavyoshika gurudumu kwenye mikono yake) na beringi za habu, pale katikati ya gurudumu, kisha nguzo ya stelingi yenyewe, bushi yake ikiwa imelika hakuna stebilaiza itakayoisaidia, na kwa vile kwenye modeli nyingi ile bushi au klampu yake inafunguliwa wakati wa kufunga basi mwambie fundi abadilishe au atie grisi palepale. Upepo wa matairi ya mbele uwe sawa pande zote mbili, hili watu wanalidharau sana.

Ikishafungwa usiondoke gereji hujazungusha usukani mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto. Kinachotakiwa kuusimamisha ni vile vizuizi vya stelingi vya kwadi yenyewe, sio mkono wa stebilaiza, ukiona mkono ndio umegota kwanza mwambie afungue aanze upya maana siku moja utapinda au utakatika. Halafu washa injini, iache ingurume yenyewe bila kubonyeza mafuta, zungusha tena usukani mwisho hadi mwisho usikilize, kama mlio unapanda ujue waya wa mafuta unavutwa, hii inatokea sana kwa zile stebilaiza zinazofungwa juu ya nguzo, chini ya usukani, kwa sababu zinaunyanyua usukani, na mpira wa breki nao utazame hapohapo. Boliti zikazwe kwa spana ya kipimo kama karatasi ya kiwandani inavyosema, zitiwe gundi ya kuzuia boliti zisilegee, na baada ya kutembea mara ya kwanza zikaguliwe tena.

Kile kitufe cha kurekebisha anza nacho kwenye laini kabisa, ongeza klik moja moja. Vijana wanakikaza mpaka mwisho wakidhani ndio usalama, matokeo yake kona za polepole usukani unakuwa mzito na mikono inachoka haraka zaidi.

Na kwa ndugu zetu wa Zanzibar wenye zile kwadi za kukodisha watalii, zinazotembea pole kwenye njia za vumbi, hela hiyo wekeni kwenye breki na matairi.

Mafundi nao nawaomba kitu kimoja tu: kabla hujapokea hela ya stebilaiza mshikishe mteja lile tairi kwa mkono wake, alivute mwenyewe.

Msomaji wenu,
Muscat, Oman