Kumbukumbu ya Mzee, Jumamosi hii

Habari za jioni, ndugu zangu.

Jumamosi tunatimiza mwaka tangu Mzee atutoke. Tukutane getini Wilson, pale uwanja wa ndege wa Nairobi, saa tatu asubuhi, tuombe kidogo, kisha twende kwa Mama kula. Michango mweka hazina anaendelea kupokea; waliobaki mnajijua.

Kila mtu aje na picha moja ya Mzee. Zile za suti tunazo tele. Nataka zile za kando ya Cessna, ile ndege ndogo aliyorusha, mikono imejaa oili. Mnakumbuka alivyochota petroli chini ya bawa, akaijaza kwenye kichupa na kukiinua juani kuangalia kama kuna maji? Maji ni mazito kuliko petroli, hutuama chini, na injini ikiyafyonza inazima. Watoto wake walilijua hilo kabla hawajajua baiskeli.

Na mizani! Nairobi iko juu, zaidi ya futi 5,000, hewa ni nyepesi, ndege inahitaji mbio ndefu kabla ya kupaa, hasa jua likiwa kali. Kwa hiyo alipima kila kitu, hata kapu la chapati za Mama. Mimi aliwahi kuniacha chini kwa sababu ya kitambi hiki. Nilinuna wiki nzima.

Wajukuu waje, Mama amewaulizia. Anayetoka Nakuru aniandikie kando, garini kwangu kuna nafasi mbili.